Modeli ya mfumo wa jua yenye sayari zinazowaka, unaitengenezaje nyumbani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nitundike ya kwangu sebuleni hapa Mbeya watu wananiuliza maswali yaleyale, majirani, walimu, wazazi ambao mtoto kapewa kazi ya kufanyia nyumbani na zimebaki siku mbili, kwahiyo nimeamua niyaweke yote sehemu moja ili mtu asome kwa nafasi yake. Mpaka saivi nimetengeneza modeli nne, mbili za kutundika, moja ya mezani na moja iko shuleni, na ninayoyaandika hapa mengi nimeyajua kwa kurudia kazi.

Nianzie wapi kabla sijanunua chochote?

Anza kwa kuamua kitu kimoja, unataka ukubwa wa sayari uwe wa kweli au umbali uwe wa kweli? Vyote viwili ndani ya nyumba haiwezekani, na hili sio suala la hela wala la ufundi, ni mfumo wa jua wenyewe ndivyo ulivyo, sehemu kubwa yake ni utupu. Chukulia Dunia umeifanya ya sentimita 2, kama gololi kubwa hivi. Kwa kipimo hicho Dunia inatakiwa ikae mita 235 kutoka kwenye jua, Mirihi mita 357, Mshtarii kilomita 1.2, Zohali kilomita 2.2, Uranus kilomita 4 na nusu, na Neptuni kilomita 7, hapo ushapanda bajaji. Na jua lenyewe linakuwa na kipenyo cha mita 2 na sentimita 18 yani hata mlangoni halipiti.

Kwahiyo kila modeli ya sebuleni ina uongo mahali fulani na mi sioni ubaya, ubaya ni pale aliyeitengeneza hajui uongo uko wapi alafu mtoto anakua anaamini sayari zimebanana kama abiria kwenye daladala. Mi huwa nachagua ukubwa wa sayari uwe wa kweli, umbali naufinya, jua naliweka dogo makusudi, na pembeni nabandika kikaratasi kinachosema hivyo hivyo: ukubwa wa sayari ni wa kweli, umbali sio wa kweli, jua sio la kweli. Watoto wanakisoma kile kikaratasi kuliko unavyodhani, na maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa yametokea pale.

Sawa, nipe vipimo basi.

Kwa Dunia ya sentimita 2: Utaridi milimita 8, ni njegere. Zuhura sentimita 1.9, karibu sawa kabisa na Dunia. Mirihi sentimita 1 na kidogo, punje ya hindi. Mshtarii sentimita 22.4, huo ni mpira wa miguu namba 5. Zohali sentimita 19 bila pete, mpira namba 3. Uranus sentimita 8 na Neptuni sentimita 7.8, hizo ni parachichi za Rungwe mbili zilizolingana. Mwezi ukitaka kuuweka ni milimita 5 na nusu, punje ya pilipili manga, na hapa kuna kitu kizuri sana, umbali wa mwezi kutoka Duniani kwa kipimo hiki ni sentimita 60 tu, kwahiyo huu umbali mmoja unaweza kuuweka wa kweli ndani ya modeli yako. Mtundike kabisa mwezi sentimita 60 kutoka kwenye gololi, kila anayeingia anashangaa, maana picha za vitabuni zinauweka mwezi umeegamia Dunia.

Kama sebule ni ndogo gawa vyote kwa mbili, Dunia sentimita 1, Mshtarii sentimita 11. Usishuke zaidi ya hapo maana Utaridi inakuwa haishikiki.

Mbona wewe unaita Utaridi, shuleni walituambia Zebaki?

Ni sayari hiyohiyo. Utaridi ndio jina la zamani la pwani, Zebaki limetokana na ile madini ya majimaji ya kwenye vipimajoto. Andika lile ambalo mtoto wako analikuta darasani ili asichanganyikiwe.

Hivi sayari zinawaka kweli?

Haziwaki. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwasababu modeli yenye taa ndani ya kila sayari ni nzuri sana usiku lakini inafundisha kitu ambacho sio, sayari hazina mwanga wake, zinaakisi mwanga wa jua tu, na ukiiona Zuhura inang'aa alfajiri juu ya milima ya upande wa Uyole unayoiona ni nuru ya jua imegonga mawingu yake ikarudi.

Mi nafanya hivi, naweka mifumo miwili ya taa yenye swichi mbili tofauti. Swichi ya kwanza inawasha taa ndogo ndani ya kila sayari, hiyo ni ya urembo, mtoto analalia nayo, wageni wanapiga nayo picha. Swichi ya pili inawasha taa moja tu, ile ya katikati, ya jua. Funga mapazia, zima kila kitu, washa hiyo moja uone, kila sayari inapata upande wa mchana na upande wa usiku, na ukitembea kuzunguka chumba Zuhura inakuonyesha sura tofauti, mara nusu, mara hilali nyembamba, mara karibu duara zima, kama mwezi vile. Galileo aliliona jambo hilo kwa darubini mwaka 1610 na ilikuwa moja ya sababu za watu kuanza kukubali kwamba Zuhura inazunguka jua na sio Dunia. Wewe unaliona sebuleni kwako na soksi miguuni. Kama hela inatosha taa moja tu, weka ya katikati, hizo za ndani zitakuja baadae.

Vifaa napata wapi huku kwetu?

Vingi viko Mwanjelwa na Kabwe hapahapa Mbeya kwa mafundi redio na mafundi simu, waulize vitaa vya LED vya miguu miwili, vya milimita 5, 8 na 10, na rezista za robo wati, vile vijipande vidogo vya kupunguza umeme unaoingia kwenye taa. Waya mwembamba chukua wa spika au kata nyaya za chaja zilizokufa. Puto ziko popote penye vitu vya sherehe. Gundi nyeupe ya mbao utaipata duka lolote la hadwea. Karatasi nyeupe laini, zile wanazofungia viatu vipya ndani ya boksi, omba dukani wakuwekee badala ya kutupa.

Cha kutengenezea njia za sayari watu wanahangaika na mabomba ya plastiki na mi nawaambia kila siku, sisi tuko kwenye nchi ya mianzi jamani. Ukipita Njombe na Iringa mwanzi unaokinga ulanzi ndio huohuo unaokufaa, chukua uliokatwa mbichi, pasua vibanzi vyembamba kama upana wa kidole kidogo, ukikunja taratibu unakuja duara bila kuvunjika, ukikauka umebaki na umbo lake. Ubao wa kushikilia vyote tafuta vipande vya plaiwudi kwa mafundi seremala, wanavyo vingi vya kutupa na wengine watakupa bure ukisema ni kazi ya mtoto ya shule.

Namna ya kutengeneza yale madude makubwa, Mshtarii na Zohali?

Puto na karatasi. Puliza puto mpaka kipimo unachotaka, pima kwa uzi kuzunguka katikati, Mshtarii mzunguko ni sentimita 70, Zohali 59 au 60. Usilipulize likakaza sana maana litakuwa na umbo la peasi, likiwa na hewa ya wastani linakuwa duara zaidi. Changanya gundi ya mbao na maji nusu kwa nusu, chana karatasi laini vipande vya kiganja, bandika tabaka la kwanza lote, subiri likauke, la pili, likauke, la tatu basi. Likikauka toboa puto, litoe kwenye tundu la chini, hapohapo ndio taa itaingilia.

Usitumie gazeti. Najua kila mtu anatumia gazeti na uji wa ngano, na kama sayari haiwaki ni sawa kabisa, ila ukiweka taa ndani maandishi yote yanatokea, utasoma matangazo ya vifo kwenye uso wa Mshtarii. Karatasi nyeupe tupu ndio inapitisha mwanga vizuri.

Sasa kuhusu baridi, hili ni letu sisi wa nyanda za juu na video za mtandaoni hazitalisema. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Juni na Julai usiku baridi inauma. Mshtarii yangu ya kwanza niliibandika jioni moja ya Julai nikaiacha barazani, usiku hewa ndani ya puto ikasinyaa kwasababu ya baridi, asubuhi nimekuta ganda limekunjamana kama embe lililonyauka, kazi ya masaa matatu yote imeenda. Ya pili nikaiweka juani saa sita mchana, hewa ikatanuka, ganda likapasuka. Kwahiyo bandika asubuhi, ndani ya nyumba, chumba ambacho joto lake halibadiliki sana, na tabaka la kwanza na la pili yawe yamekauka kabla ya jua kuzama, ganda likishashika lenyewe puto linaweza kusinyaa linavyotaka. Wakati wa mvua, Novemba mpaka Aprili, ni unyevu ndio unaokusumbua, panga siku mbili kwa kila tabaka na uwe mvumilivu, usikaushe kwa jiko la mkaa, nakuomba, karatasi na gundi zinashika moto haraka mno.

Na zile ndogo nitaingizaje taa ndani ya njegere?

Huingizi, taa yenyewe ndio sayari. LED ya milimita 8 ni Utaridi, LED ya milimita 10 ni Mirihi, nimefurahi mno siku nilipogundua hivyo maana nilikuwa nahangaika kutoboa shanga. Kwanza sugua kichwa cha LED kwa msasa laini mpaka kiwe na ukungu, bila hivyo mwanga unatoka mbele tu kama tochi. Alafu kichovye kwenye gundi nyeupe, kining'inize kikauke, chovya tena. Kwa Dunia na Zuhura chukua LED ya milimita 10 uivalishe karatasi laini na gundi mpaka ifike sentimita 2, kazi ya nusu saa.

Wapo wanaotumia mipira ya tenisi ya mezani, ni mizuri kwa kusambaza mwanga, ila ina kipenyo cha sentimita 4, kwahiyo ukiifanya Dunia basi Mshtarii inapaswa iwe sentimita 45. Kama una nafasi hiyo endelea. Usichukue mipira minane ya saizi moja ukaipaka rangi ukasema tayari.

Pete za Zohali je?

Pete zinazoonekana vizuri zina upana wa mara 2 na robo ya Zohali yenyewe, kwahiyo kwa mpira wa sentimita 19 pete ya nje inafika sentimita 43. Watu wengi wanaikata ndogo sana. Na ziwe nyembamba, pete halisi zina upana wa makumi ya maelfu ya kilomita ila unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu, hata karatasi ni nene mno kwa kipimo chetu. Mi natumia plastiki angavu ngumu, ile ya majalada ya ripoti, naiunga vipande viwili vya nusu duara, pembeni naizungushia kibanzi cha mwanzi kisichozidi njiti ya kiberiti, alafu nachora mistari kwa kalamu ya wino mweupe na kahawia, nikiacha ule mwanya mweusi karibu na ukingo wa nje. Pete isiguse mpira, acha nafasi ya sentimita 2 kila upande, uishike kwa nyuzi nne za nailoni. Inamishe kwa pembe ya nyuzi 27, sio ikae bapa kama sahani.

Rangi gani kwa sayari gani?

Hapa ndio penye raha. Mirihi ni nyekundu kwasababu vumbi lake limejaa kutu ya chuma, na udongo mwekundu wa huku kwetu ni mwekundu kwa sababu ya namna hiyohiyo, chuma kilichoshikana na oksijeni. Kwahiyo usinunue rangi. Toka nje, chota udongo mwekundu, uanike, uchekeche kwa kitambaa mpaka ubaki unga kama wa ulezi, changanya na gundi nyeupe, paka kwenye ile LED kidogo sana ili mwanga upite. Mtoto uliyemfanyisha hii hataisahau Mirihi maisha yake yote.

Zuhura nyeupe yenye unjano kidogo, ni mawingu matupu. Utaridi kijivu. Mshtarii mistari ya krimu na kahawia, na lile doa jekundu liweke chini ya mstari wa katikati, upande wa kusini, lenye upana wa sentimita 2 na nusu hivi, alafu shika Dunia yako uilinganishe nalo uone doa peke yake linaimeza. Zohali njano iliyopauka.

Uranus na Neptuni wengi wanakosea na sio kosa lao. Picha za Neptuni za mwaka 1989 zilizopigwa na chombo cha Voyager 2 ziliongezwa nguvu ya rangi ili mawingu yaonekane, ikatokea bluu nzito kama wino, na vitabu vyote vikaibeba hivyo. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford uliotoka Januari 2024 ulirudia hesabu za rangi ukaonyesha sayari zote mbili zina bluu-kijani iliyopauka inayokaribiana, Neptuni imezidi ubluu kidogo tu. Kwahiyo rangi moja ya maji, Neptuni ongeza tone moja la bluu, inatosha.

Rangi zote ziwe za maji na tabaka jembamba. Rangi ya mafuta inaziba mwanga. Na jua ni jeupe, najua tunalichora njano, ila lingeonekana jeupe kama ungeliangalia kutoka nje ya hewa yetu, weka taa nyeupe bila wasiwasi.

Naungaje hizo taa, sijawahi kushika waya maishani?

Kila LED ina mguu mrefu na mfupi, mrefu ni chanya, mfupi ni hasi. Kila LED lazima iwe na rezista yake, bila rezista inawaka vizuri dakika moja alafu inakufa. Ukitumia chaja ya simu ya volti 5 weka rezista ya ohm 150, mistari ya rangi iliyochorwa juu yake ni kahawia, kijani, kahawia. Ukitumia betri ya volti 12 weka ohm 680, mistari bluu, kijivu, kahawia. Wengine watakwambia 470 inatosha kwa volti 12 na kwenye hesabu inatosha, ila betri ya sola ikichajiwa inafika hata volti 14, mi naacha nafasi.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuunga LED zote kwenye rezista moja ili kubana matumizi. Nyekundu inahitaji volti 2 hivi, nyeupe volti 3, ukiziunga pamoja nyekundu inavuta umeme wote kwake na nyeupe zinabaki giza, mtu anadhani kauziwa mbovu anarudi kugombana na fundi. Rezista moja moja, alafu chanya zote zikutane na hasi zote zikutane.

Mshtarii weka LED nne, Zohali nne, Uranus mbili, Neptuni mbili, zilizobaki moja moja. Jumla 16. Za Mshtarii na Zohali zifungwe kwenye kijiti zikiangalia pande nne, sio zote chini. Kama huna kichomeo cha kuunganishia nyaya mpe fundi redio, akiwa na nafasi anazimaliza mapema, wewe kaa pembeni umwangalie anavyofanya. Jaribu kila LED kabla hujaifungia ndani ya mpira.

Umeme ukikatika?

LED 16 zinakula kama miliampea 220, ni kidogo mno. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 inaziwasha kama masaa 15 bila kuishusha chini ya nusu, na usiishushe chini ya nusu maana hizi betri za asidi zinakufa haraka ukizimaliza. Kwa taa ya katikati tumia balbu ya LED ya volti 12, zile za mifumo midogo ya sola, usilete umeme wa ukutani wa volti 230 kwenye kitu ambacho watoto watakigusa, hilo silijadili na mtu. Pawabenki nazo zinafaa ila baadhi zinajizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, zinadhani simu imejaa, ijaribu nusu saa kabla hujaitegemea.

Nina mtoto mdogo nyumbani, kuna hatari?

Ipo moja ambayo nataka uisome mara mbili. Wapo wanaoweka betri bapa za kifungo, za volti 3, ndani ya kila sayari ili kuepuka nyaya. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumchoma koo kwa ndani ndani ya masaa mawili na kumuua. Kama una mtoto chini ya miaka sita usizilete nyumbani kabisa, na ikitokea unahisi amemeza kimbia hospitali saa hiyohiyo usisubiri kuona dalili.

Jingine, usiweke ndani ya karatasi balbu za zamani za uzi, zina moto sana. Na usivunje zile taa za mrija uliojikunja ili upate umbo, ndani zina zebaki, yani madini yenyewe, ni sumu.

Nazitundika vipi, na zizunguke?

Panga katika usawa mmoja, sayari zote zinazunguka jua karibu kwenye bapa moja kama ungo, zimetofautiana kidogo tu. Duara za mwanzi nane, kubwa nje, ndogo katikati, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kwa ajili ya sayari, misumari ipigwe kwenye mbao za kenchi sio kwenye siling bodi tupu, itadondoka. Dunia iinamishe nyuzi 23 na nusu, Mirihi 25, na Uranus ilale ubavu kabisa, nyuzi 98, inabingirika kwenye njia yake.

Kuzunguka kwa mota mi nilijaribu nikaacha. Nyaya zinajisokota, na mwendo wenyewe unakuwa wa uongo, Utaridi inamaliza mzunguko kwa siku 88 na Neptuni kwa miaka 165, hakuna gia za nyumbani zitakazobeba hiyo tofauti. Kilichonifurahisha ni kusogeza kwa mkono. Kila Jumapili jioni tunasogeza sayari za ndani kidogo kidogo kufuata kalenda, Mshtarii tunaisogeza nyuzi mbili na nusu kwa mwezi, na Neptuni kwa mwaka mzima inasogea nyuzi 2 na ushee. Watoto ndio wanaokumbusha.

Pluto umeiacha?

Nimeiacha kwenye hesabu ya nane, maana tarehe 24 Agosti 2006 wanaastronomia waliokutana Prague waliiweka kwenye kundi la sayari kibete. Ukitaka iweke, ina kipenyo cha kilomita 2,377, kwetu ni chini ya milimita 4, kichwa cha pini.

Ila mi nakushauri kabla ya Pluto weka mkanda wa asteroidi, yani mawe na vyuma vinavyozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, kwasababu hapo sisi tuna ndugu yetu. Kile Kimondo cha Mbozi, kilichoko kilima cha Marengi mkoani Songwe, chuma kitupu chenye nikeli, urefu kama mita 3, uzito unakadiriwa tani 16, vimondo vingi vya chuma vinadhaniwa kuwa vipande vya mioyo ya asteroidi zilizogongana zikavunjika. Kilijulikana nje mwaka 1930, mwaka uleule Clyde Tombaugh alipoigundua Pluto kule Marekani, ingawa wenyeji walikuwa wakikifahamu siku zote. Kwenye modeli yetu natumia unga wa chuma kutoka kwa mafundi wa kuchomelea mageti, naumwaga juu ya uzi wenye gundi, taa ya katikati ikiwaka unametameta. Alafu funga safari na watoto mkakiguse chenyewe, ni mwendo wa asubuhi kwenda na kurudi.

Itanigharimu kiasi gani?

Inategemea na unachookota. Kinachokula hela ni betri na balbu ya katikati, na kama una mfumo wa sola nyumbani hivyo tayari unavyo. LED na rezista ni hela ndogo ndogo. Karatasi, mwanzi, udongo na plaiwudi ni kuomba kwa adabu. Ukitaka kupunguza fanya Dunia ya sentimita 1 na usiweke taa za ndani kwenye zile kubwa.

Mwanangu kauliza nyota tuziweke wapi?

Mwambie haziingii. Kwa kipimo chetu cha Dunia ya sentimita 2, nyota iliyo jirani kuliko zote, Proxima Centauri, ingebidi uitundike kilomita kama 63,000 kutoka hapa, ni kuizunguka Dunia hii tunayoikanyaga mara moja na nusu na bado hujafika. Wapo wanaopaka vitone vya kung'aa ukutani nyuma ya Neptuni, mi ukuta nimeuacha mweusi mtupu.

Badala yake, Juni, baada ya chakula cha usiku, saa mbili hivi, valisheni masweta mtoke nje, angalieni kusini. Utauona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili zinazong'aa sana zimefuatana. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alpha Centauri, Proxima iko pembeni yake, haionekani kwa macho. Mwonyeshe kwa kidole.